Tiba ya milango ya fahamu kwa mtu mzima mwenye usonji: kisa cha karani wa stoo Kariakoo

Mtu anayeelezwa hapa ni wa mfano. Tumemjenga kutokana na hali zinazowakuta watu wazima wenye usonji (autism) wanaofanya kazi Dar es Salaam, ili hatua za tiba, vipimo vyake na mahali inapoharibika vionekane vyote ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Ni dada wa miaka 31, uzito kilo 58, karani wa stoo kwenye duka la jumla la vitenge Kariakoo. Anaishi Kimara kwa mama yake mdogo. Aligundulika kuwa na usonji akiwa na miaka 28. Kazi anaiweza vizuri sana: anajua idadi ya majora yaliyobaki bila kufungua daftari, na bosi wake anamtegemea. Kilichompeleka kwa mtaalamu wa tiba kazi, anayewasaidia watu kumudu shughuli zao za kila siku, ni hali ya jioni. Siku nne kati ya sita za kazi, akifika nyumbani anazima. Anakaa sakafuni chumbani, hasemi, hali, akiitwa haitiki, kwa saa moja mpaka tatu. Siku nyingine badala ya kuzima analipuka, analia kwa sauti na kujipiga kichwani kwa kiganja. Ndugu walishaanza kuulizana kama ni mapepo. Yeye aliomba jambo moja tu: afike nyumbani akiwa bado na nguvu ya kula na kuongea na watu.

Ombi hilo ndilo lililoongoza tiba yote, na tunalisisitiza mapema kwa sababu tiba ya milango ya fahamu huharibika pale lengo linapokuwa "atulie" au "azoee kelele". Mtu anaweza kuonekana ametulia huku ndani anaungua. Wengi wenye usonji wamejifunza tangu utotoni kuficha maumivu ili wasisemwe, na huyu dada alikuwa bingwa wa kuficha mpaka saa kumi na moja jioni.

Aliyoyajaribu mwenyewe

Alikuwa ameshajaribu mambo manne aliyoyaona kwenye simu. Mengi yana mfano wake katika fani hii, na yote yalimshinda kwa sababu zinazoeleweka.

La kwanza ni blanketi zito. Alijaza mchanga kwenye foronya, akaziunganisha, zikafika kilo 9. Wazo lenyewe lina mizizi ya kweli: Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine ya kumbana mwili akiwa kijana, na mwaka 1992 akaandika jinsi mgandamizo mzito unavyotuliza. Lakini kilo 9 kwa mtu wa kilo 58 ni zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake, wakati kanuni inayotajwa sana ni kama asilimia 10, yaani kilo 6 hivi, na hata hiyo ni kadirio la mazoea. Mchanga haukuwa umegawanywa kwenye vifuko, kwa hiyo usiku wote ulihamia upande mmoja. Kubwa zaidi ni joto. Usiku wa Dar unyevu ni mwingi na jasho halikauki, na mwili usioweza kupoa haulali hata ukigandamizwa namna gani. Matarajio nayo yapunguzwe. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 kwa watoto wenye usonji haukuona blanketi zito likiongeza usingizi, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Wa Sweden wa mwaka 2020 uliona nafuu kwa watu wazima wenye kukosa usingizi pamoja na sonona, wasiwasi na matatizo ya jinsi hiyo, lakini haukuwa wa watu wenye usonji, wala hali ya hewa ya Sweden si ya Kimara.

La pili ni kujisugua. Alisikia kwamba kupiga mswaki ngozi hupunguza uchungu wa kuguswa, akatumia dodoki kavu mikononi na mapajani mara nyingi kwa siku. Utaratibu unaojulikana kwa jina la Wilbarger hutumia brashi laini maalumu ya plastiki, kwa kukandamiza kwa nguvu isiyobadilika, kila baada ya dakika 90 hadi 120, unafuatiwa na kubonyezwa viungo, na tumbo na uso haviguswi. Unatakiwa kufundishwa ana kwa ana, na ushahidi wake ni mwembamba. Dodoki kwenye ngozi yenye jasho lilimpa upele. Tuliliondoa moja kwa moja, na hatukuleta brashi badala yake.

La tatu, kujizungusha kwenye kiti cha ofisi. Mzunguko husukuma maji yaliyomo kwenye mifereji ya sikio la ndani, na ukisimama ghafla maji hayo yanaendelea kwenda. Matokeo yake ni kichefuchefu, jasho la baridi na kichwa kizito ambavyo kwa mtu mzima vinaweza kukaa saa kadhaa.

La nne ndilo lililomdhuru kwa muda mrefu zaidi: muziki wa sauti ya juu kwenye hedifoni kutwa nzima ili kuzima kelele za soko. Alikuwa anaongeza kelele juu ya kelele, kisha jioni anashangaa kwa nini hata kijiko kikigonga sahani kinamchoma.

Ukiyatazama yote kwa pamoja, kuna kasoro moja. Mbinu ilianza kabla ya kujua ni mlango upi wa fahamu unaoelemewa, saa ngapi, na kwa sababu gani. Nyingi ya mbinu hizi zilitoka kwenye kazi ya A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, aliyeandika kitabu chake cha msingi mwaka 1972 akiwaza watoto wenye shida ya kujifunza. Vyumba vyake vilikuwa na bembea, magodoro na mtaalamu anayecheza na mtoto. Mtu mzima ana kodi ya kulipa, bosi, na gari la kupanda.

Kupima kabla ya kushika chochote

Kwanza hospitali. Masikio yalichunguzwa nta na uwezo wa kusikia, macho yakapimwa, damu ikaangaliwa wingi wake na tezi ya shingo. Kipandauso kinaweza kumfanya mtu yeyote asivumilie mwanga na kelele. Kifafa kiliulizwa kwa makini, kwa kuwa huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, na mwenye kifafa hawekwi kwenye bembea au chini ya uzito bila daktari kusema. Kwake vyote vilikuwa sawa isipokuwa damu, iliyokuwa imepungua kidogo. Akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma.

Kisha maswali. Dodoso la Brown na Dunn la mwaka 2002 kwa vijana na watu wazima lina maswali 60, na linampanga mtu katika mielekeo minne: anayechelewa kuhisi, anayetafuta msisimko, anayeumizwa upesi, na anayekwepa. Alama zake zilipimwa kwa Wamarekani, hivyo hatukuzitumia kama hukumu. Maswali yaliulizwa kwa mazungumzo na kwa mifano ya hapa: kusimama ndani ya basi la mwendokasi, moshi wa mkaa, kusuka nywele, lebo ya nguo mgongoni, kuoga maji ya ndoo. Mtu mmoja anaweza kuwa na mielekeo tofauti kwa kila mlango, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wakidhani mwenye usonji "ana hisia kali" kwa kila kitu.

Huyu dada sauti za ghafla na zinazopandana zinamuumiza. Mguso mwepesi, kama mkono wa mtu unaompangusa, unamchoma, lakini mgandamizo mzito anautafuta: hulala amejibana kati ya ukuta na godoro. Harufu ya wanga na rangi kwenye vitenge vipya inamchosha. Halafu likaja jambo ambalo hakulitaja mwenyewe. Njaa na kiu hazimfikii. Hajui kama ana kiu mpaka kichwa kimeanza kugonga.

Mwisho, daftari la siku saba. Safu zilikuwa sita tu: saa, mahali, kilichotokea, ukali kuanzia 0 hadi 10, alichokula na kunywa, na usingizi wa usiku uliopita. Aliandika mara tatu kwa siku, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, simu ikimkumbusha kwa kutetemeka. Ukimtaka mtu aandike kila kelele inapomgusa, daftari lenyewe linakuwa mzigo na siku ya tatu analitupa.

Daftari lilisema nini

Familia nzima iliamini kinachomzimisha ni televisheni ya sebuleni. Daftari likaonyesha vingine. Televisheni ilikuwepo siku zote saba. Alizima siku nne. Katika siku hizo nne alikuwa amekunywa maji chini ya nusu lita mpaka saa 12 jioni na hakula mchana.

Sababu ilikuwa choo. Choo walichokuwa wanatumia wafanyakazi wa duka lile kina sakafu yenye maji, harufu kali na mlango wa bati unaopigwa na kila mtu anayepita. Ili asiingie mle, hakunywa. Kwa sababu hahisi kiu, kutokunywa hakukumgharimu kitu mchana. Ikifika saa 10 jioni, kwenye joto la stoo yenye paa la bati, kichwa kinauma na uvumilivu wa sauti unaporomoka. Sauti aliyoipa 3 asubuhi, ya mpiga debe au spika ya mwenye duka la jirani, jioni inapewa 8 ingawa haijaongezeka.

Tunaliweka hili katikati ya uchambuzi kwa makusudi. Mtaalamu angeanza na blanketi, vifuko na bembea bila kuliona hili, angepata nafuu ndogo na kuhitimisha kwamba tiba haifai.

Kupunguza mzigo kwanza

Jengo la jirani lilikuwa na choo cha kulipia kinachosafishwa. Alikwenda mara mbili kwa siku, saa 4 na saa 8, saa ambazo watu ni wachache, akiwa na kandambili zake na tishu yake. Chupa ya nusu lita iliisha kabla ya saa 4, ya pili kabla ya saa 8, ya tatu kabla ya saa 11. Simu ilitetemeka, hakusubiri kiu. Chakula cha mchana kilikuwa kile kile kila siku, wali maharage kwa mama ntilie mmoja, kwa sababu kuchagua chakula katikati ya kelele kulimfanya aache kula.

Usafiri ulikuwa na bahati yake. Mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara kwenda Gerezani, kituo cha Kariakoo, huanzia Kimara, na jioni huanzia Gerezani. Kwenye vituo vyote viwili mtu anaweza kuliacha basi moja liondoke na kuwa mbele kwenye foleni ya linalofuata, akapata kiti cha dirishani. Akikaa dirishani anaguswa upande mmoja tu, na mkoba mapajani unaweka mpaka. Kwa hilo alihitaji saa tofauti za kazi. Kuongea na bosi uso kwa uso kulimshinda mara kadhaa, akaandika ujumbe:

"Shikamoo bosi. Naomba niwe nafungua stoo mimi saa 1 na nusu asubuhi, nitoke saa 9 na nusu. Hesabu zitakuwa tayari kabla wateja hawajajaa. Tujaribu mwezi mmoja, ikionekana haifai tunarudi kama zamani."

Bosi akajibu: "Marahaba. Anza Jumatatu. Funguo zisipotee."

Ujumbe ule ulifaulu kwa sababu unaomba jambo moja, unataja faida ya dukani, na una mwisho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake, na inawataka waajiri wenye watu 20 na zaidi wawe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Duka hili lina watu watano. Sheria ni ngao nzuri mambo yakiharibika, lakini kwenye duka dogo mazungumzo ya aina hii ndiyo yanayofungua mlango.

Masikio yalipewa vizibo vya sponji. Vinavyovaliwa na wengi havifanyi kazi, na kosa liko mkononi. Nawa mikono na ikauke. Kisokote kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ushike sikio kwa juu, livute juu na nyuma, ndipo njia inanyooka. Ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kivimbe ndani. Jipime: funika masikio kwa viganja. Sauti ikipungua sana, vizibo havijakaa; vikikaa vizuri, viganja havibadilishi kitu kikubwa. Pakiti inaweza kuandikwa kwamba sauti inapungua desibeli 30, lakini kikivaliwa ovyo unapata nusu yake au chini.

Vinavaliwa ndani ya basi, kwenye msongamano, na spika inapofunguliwa jirani. Vinavuliwa stoo kukiwa kimya, na vinavuliwa vyote viwili wakati wa kuvuka barabara. Bodaboda haisubiri mtu asiyesikia.

Dukani, feni iligeuzwa ikawa nyuma yake ikisukuma hewa kuelekea mlangoni, na majora mapya yakawa yanafunguliwa karibu na mlango na kuachwa siku moja kabla ya kuingizwa ndani. Taa moja ilikuwa inapepesa. Kamera ya simu ikielekezwa kwake huonyesha michirizi inayotembea. Ikabadilishwa.

Kisha kuongeza kinachotuliza

Kazi nzito ya misuli na viungo ndiyo mbinu tunayoiamini zaidi kwa watu wazima, kwa sababu haihitaji kifaa, haionekani ya ajabu, na mtu anaidhibiti mwenyewe. Stoo ya vitenge imejaa nafasi hiyo. Badala ya kuwaachia vijana kubeba majora, alijipa kazi ya kuyahamisha kwa dakika 10 kila siku saa 3 na nusu asubuhi, kabla wateja hawajajaa, na tena saa 7 na nusu. Mgongo umenyooka, jora limekumbatiwa kifuani, hatua za polepole. Siku isiyo na majora alisukuma ukuta: viganja usawa wa mabega, miguu nyuma hatua moja, sukuma kama unataka ukuta uhame, hesabu nane, pumzika, mara kumi.

Muda ndio kiini. Vitu hivi vikifanywa nusu saa kabla ya mzigo humwandaa mtu. Vikiletwa wakati ameshazima, vinakuwa usumbufu mwingine.

Kwa mgandamizo usio na joto tulirudi kwenye kitu alichokuwa nacho kabatini. Kanga moja hukunjwa kwa urefu mara mbili, ikabaki na upana wa kama sentimita 27. Inazungushwa kuanzia chini ya mbavu mpaka juu ya nyonga, kibwebwe kama cha mama anayetaka kutwanga, ikikazwa mpaka vidole viwili vipite kwa shida. Dakika 20, kisha inafunguliwa. Isifungwe juu ya mbavu, maana pumzi inakuwa fupi na pumzi fupi inaleta wasiwasi ule ule unaokimbiwa. Isifungwe mara baada ya kula. Chini ya dera haionekani, na siku za duka kujaa aliivaa kazini.

Kwa kwenye basi alishonewa kifuko cha mapajani. Vipande viwili vya kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, sentimita 64 kwa 44 kila kimoja. Shona pande tatu kwa kuacha sentimita 2 za mshono, acha upande mmoja mrefu wazi, kigeuze. Piga mistari mitatu ya cherehani kutoka chini kwenda mdomoni, upate mifereji minne. Tia gramu 200 kwenye kila mfereji, sukuma mpaka chini, shona kukatisha. Rudia mpaka zipatikane safu tatu. Vinapatikana vifuko 12, jumla kilo 2.4. Shona kwa mishono midogo, mara mbili.

Cha kujazia kina mambo yake. Mchele na mtama hupata fukusi, na kwa unyevu wa pwani huota ukungu. Mchanga hupenya kwenye matundu ya sindano hata ukiuchekecha. Shanga ndogo za kioo ni ghali kuliko vyote hivyo, ila hazipenyi, hazioti, na kifuko kinafuliwa na kuanikwa. Alichagua shanga.

Nyumbani alichukua zamu ya kukuna nazi na kukanda chapati, kazi alizokuwa anafukuzwa kwa sababu "anakanda kupita kiasi". Bembea ya kamba ilifungwa uani kwa kwenda mbele na nyuma tu, polepole, dakika 10, ikisimamishwa uso ukibadilika rangi au jasho la baridi likitoka. Cha kutafuna kilikuwa muwa, karanga au bigijii. Taya nazo zina misuli.

Yaliyoharibika

Wiki ya pili vizibo vilimpa raha akaacha kuvivua. Akavaa tangu alfajiri mpaka kulala. Siku chache baadaye sauti ya maji bombani ilianza kumuuma. Ubongo ukinyimwa sauti kwa muda mrefu huongeza usikivu wake wenyewe, na kila ukivua unakuta dunia imekuwa kali zaidi. Pia sikio la kulia lilianza kuwasha: joto, jasho na sponji chafu vinaalika fangasi. Daktari alilisafisha na kumpa dawa ya matone. Tangu hapo vizibo vina kikomo cha saa mbili mfululizo, pea mpya kila inapokuwa ngumu au chafu, na sponji haifuliwi. Kuvipunguza kulifanywa taratibu, dakika 15 kila siku mbili akiwa mahali patulivu. Kumvua mtu siku moja ni ukatili.

Wafanyakazi wenzake walimwona akisukuma ukuta wakacheka, akaacha kwa wiki nzima. Suluhisho lilikuwa kuongeza kubeba majora na kuacha ukuta kwa ajili ya nyumbani. Mbinu inayomletea mtu aibu haidumu, hata iwe sahihi kiasi gani kitaalamu.

Kulikuwa pia na ushauri wa ndugu mmoja kwamba apelekwe katikati ya Kariakoo siku za sikukuu, azoee. Tulikataa bila kusita. Hofu inaweza kupungua kwa kukabiliana nayo kidogo kidogo, lakini maumivu ya hisia hayazoeleki kwa kurundikiwa. Kinachojengeka ni woga wa mahali penyewe.

Mlango wa nyumbani

Mama mdogo ndiye aliyekuwa na wasiwasi mkubwa, na ndiye aliyefungua njia. Alikuwa na desturi ya kumpokea mlangoni kwa maswali: umeshindaje, umekula, fulani umemwona? Kwa upendo kabisa. Mwanzoni mwa mpango binti alimwambia, kwa maneno waliyoyaandika pamoja na mtaalamu ili yasimpotee:

"Mama, nikiingia nitakusalimia, halafu naomba nusu saa chumbani. Sijakasirika. Nikitoka tutakula na nitakueleza yote."

"Kumbe ndivyo, mwanangu? Mimi nilidhani unanikwepa."

"Sikukwepi, mama. Kichwa kinakuwa kimejaa sauti."

"Haya. Na hawa wadogo zako nitawaambia."

Nusu saa hiyo ina utaratibu: taa imezimwa, feni imewashwa, kibwebwe au kulala chini ya mto mzito wa kawaida kifuani, maji, hakuna simu. Kama amezima kabisa na maneno hayatoki, kuna kadi kwenye mkoba: "Nasikia. Siwezi kuongea sasa. Naomba nikae peke yangu dakika 20." Waliomo nyumbani walielezwa wasimshike, wasimmwagie maji, wasimwite jina mara nyingi, wasimwambie atulie. Mtu mmoja akae karibu, kimya, aondoe kitu kigumu karibu na kichwa chake. Anapojipiga, mto unawekwa kati ya mkono na kichwa. Mkono haushikwi.

Baada ya wiki nane

Tulipima kwa vitu vitatu alivyovichagua: jioni alizozima, siku alizokula mchana, na saa ya kulala. Kuzima kumeshuka kutoka siku nne kati ya sita hadi moja. Chakula cha mchana, siku tano kati ya sita. Usingizi umesogea kutoka saa 8 usiku hadi saa 5 na nusu. Hatuwezi kudai kifuko cha shanga kimefanya kazi kuliko maji au saa mpya za kazi, kwa kuwa vilianza karibu kwa pamoja. Kama ingebidi kuvitoa kimoja kimoja, tungeanza kutoa kifuko na tungeacha chupa ya maji mpaka mwisho.

Kusuka nywele bado hakuvumiliki. Amenyoa fupi, na mama mdogo amekubali. Vigodoro vya mtaani, yaani sherehe za muziki wa usiku kucha, mwisho wa wiki havina dawa zaidi ya kwenda kulala kwa shangazi Kibaha.

Kinachobaki ni masika. Mvua ikijaza bonde la Jangwani barabara hufungwa na mwendokasi husimama, na siku kama hiyo njia nyingine ni daladala iliyojaa, madirisha yamefungwa, nguo zimelowa. Mpango ni asithubutu kuipanda: ampigie bosi simu kabla ya saa 1 asubuhi, afanyie hesabu za stoo nyumbani kutoka kwenye picha za madaftari anazopiga kila siku kabla ya kutoka. Bosi amekubali kwa mdomo. Kwenye kikao kijacho tutamsaidia kuuandika uwe ujumbe, apate jibu la maandishi kabla ya mvua za Machi.